Tuendelee kuimba nyimbo za Hillsong? Jibu kwa kiongozi wa sifa wa Morogoro

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Naongoza timu ya sifa katika kanisa moja la Kipentekoste hapa Morogoro. Karibu nusu ya nyimbo tunazoimba ibada ya pili ni za Hillsong, lile kanisa la Australia, na baadhi tumezitafsiri wenyewe. Hivi karibuni kijana wetu wa kinanda amegoma, anasema hawezi kupiga nyimbo za kanisa lililoficha uovu. Mchungaji naye anatamani tuwe kama wao: turekodi albamu, tufungue matawi, tujulikane. Naomba unieleze, hawa watu walikuaje, waliharibikiwa wapi, na sisi tuendelee kuimba au tuache?

Jibu: Amina, dada yangu. Kwanza, huyo kijana wa kinanda msimtenge. Ameuliza jambo ambalo wazee wengi wa kanisa kule Sydney walipaswa kuliuliza kabla yeye hajazaliwa. Ila naona kijana anajua nusu ya habari na mchungaji anajua nusu nyingine. Swali lako la mwisho nitalijibu, lakini baada ya historia, kwa sababu bila historia jibu lolote nitakalokupa litakuwa la ushabiki.

Hillsong ina mizizi New Zealand. Frank Houston alikuwa ofisa wa Jeshi la Wokovu, kisha akawa kiongozi mkuu wa dhehebu la Kipentekoste la Assemblies of God nchini humo. Mwaka 1977 alihamia Sydney, Australia, akaanzisha kanisa lililoitwa Christian Life Centre. Mwanawe Brian na mkewe Bobbie walimfuata, wakatumika chini yake, na Agosti 1983 wakafungua kanisa lao katika ukumbi wa kukodi wa shule ya msingi ya Baulkham Hills, kaskazini-magharibi mwa jiji. Eneo lile lilikuwa linajengeka kwa kasi. Wanandoa vijana walikuwa wakihamia na watoto wadogo na mikopo ya nyumba, bado hawajuani na jirani, na makanisa ya mababu zao wameyaacha mbali. Anayeijua Goba au Kibaha ya leo ataelewa haraka: mtu amemaliza kupaua, Jumapili imefika, anatafuta pa kuabudu karibu na nyumbani. Kanisa lililompokea kwa tabasamu, likawa na darasa zuri la watoto, likaimba kwa gitaa na ngoma badala ya kinanda cha bomba, lilimpata. Wahubiri wanaopenda kusema ukuaji ule ulikuwa uamsho mtupu husahau kutaja ramani ya mipango miji.

Lakini vitongoji vipya viko kila mahali duniani. Kilicholitofautisha kanisa hili ni muziki. Mwanamuziki Geoff Bullock aliongoza sifa miaka ya mwanzo, na kuanzia 1986 wakawa na mkutano wa kila mwaka ambako wachungaji na waimbaji wa makanisa mengine walikuja kujifunza. Mwaka 1993 mwimbaji wao Darlene Zschech, katika kipindi kigumu cha maisha, aliketi kwenye piano ya tangu utotoni mwake, akisoma Zaburi, akatunga wimbo ulioitwa Shout to the Lord. Wimbo ule ulivuka bahari. Hata asiyejua Australia iko wapi kwenye ramani ameuimba, Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, mara nyingi bila kujua umetoka wapi.

Hapa naomba uwe makini, maana mchungaji wenu anaona albamu ila sidhani kama anaona mfumo ulio nyuma yake. Makanisa ya Marekani, Uingereza na Australia hulipa ada ya mwaka kwa shirika la leseni, CCLI, ili yaruhusiwe kuonyesha maneno ya nyimbo kwenye skrini na kunakili noti. Wanaripoti nyimbo walizotumia, na fedha inagawanywa kwa wenye haki. Kwa hiyo wimbo ukipendwa na makanisa maelfu, unaleta kipato kila mwaka, hata kama mtunzi amelala. Tena wimbo hutangulia kama mjumbe: kanisa linaimba wimbo wenu mwaka huu, mwakani linatuma vijana kwenye mkutano wenu, mwaka wa tatu linatuma mmoja kusoma chuo chenu. Watafiti wa muziki wa ibada walichunguza nyimbo 38 zilizotamba zaidi katika makanisa kati ya 2010 na 2020, wakakuta 36 kati ya hizo zina uhusiano na makanisa manne tu: Hillsong, Bethel ya California, Passion City ya Atlanta na Elevation ya North Carolina. Makanisa manne yameshika midomo ya Wakristo wa nusu dunia.

Jina Hillsong lenyewe mwanzoni lilikuwa la muziki na mkutano. Kanisa liliitwa Hills Christian Life Centre. Mwaka 1999 kanisa la baba na la mwana yaliunganishwa chini ya Brian, na 2001 kanisa zima likachukua jina la muziki wake, kwa sababu hilo ndilo watu walilolijua. Mwaka 2002 walizindua ukumbi wa watu wapatao 3,500, na aliyekuja kuufungua ni waziri mkuu wa Australia, John Howard. Scott Morrison, naye waziri mkuu baadaye, alimshukuru Brian Houston katika hotuba yake ya kwanza bungeni mwaka 2008, na 2019 alipanda jukwaani katika mkutano wao akaomba. Mwaka huohuo alitaka Houston awe miongoni mwa wageni wa dhifa ya Ikulu ya Marekani. Ombi hilo halikupita.

Mahubiri nayo yalikuwa na ladha yake. Sikiliza mkanda wowote wa miaka ile, utasikia zaidi habari ya Mungu anayekutakia mema kazini, kwenye ndoa na mfukoni kuliko habari ya toba. Mwaka 1999 Brian alitoa kitabu ambacho jina lake, kwa kifupi, lilimwambia msomaji kwamba anahitaji fedha zaidi. Baadaye alisema anajutia jina lile. Sikisemi hiki kumcheka. Injili ya mafanikio tunayo hapa nyumbani kwa wingi na nyingine ni kali kuliko ya kwake. Nakitaja kwa sababu watu waliofundishwa kwamba ustawi wa mtumishi ni ushahidi wa baraka hawawezi tena kumuuliza mtumishi ametoa wapi saa aliyovaa.

Matawi yakafuata. London na Kyiv walikuwepo tangu 1992, Cape Town ikaanza 2008, New York 2010. Walipenda majengo ya burudani: London walikutana miaka mingi katika Dominion Theatre, New York katika kumbi za muziki, na foleni ya vijana ikazunguka mtaa Jumapili asubuhi. Mchungaji wa New York, Carl Lentz, alivaa kama msanii na aliandamana na wasanii. Mwaka 2014 alimbatiza Justin Bieber, na kwa kukosa mahali pa faragha wakatumia bafu la nyumbani kwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Mimi suruali zilizochanika magotini madhabahuni sizipendi, lakini hilo ni suala la umri wangu. Kufikia miaka ya mwisho ya 2010 kanisa lilijitangaza kuwa na watu wapatao 150,000 kila wiki katika nchi zipatazo 30. Nyuma ya zile taa na moshi wa jukwaani walikuwepo wanaojitolea: wa kushusha spika alfajiri, wa kuegesha magari, wa kuwapokea wageni maalumu, pamoja na wanafunzi wa chuo chao waliolipa ada na bado wakatumika saa nyingi bila posho. Wengi walioondoka baadaye walisema walichoka mpaka wakaugua, na walipolalamika waliambiwa kutumika ni heshima.

Sasa nifike pale palipoharibika. Watu wengi hueleza habari ya Hillsong kama habari ya mtu mwema aliyelewa sifa, au kanisa zuri lililokua likapotoka. Siamini hivyo. Kwa ninavyosoma, ufa mkubwa ulikuwepo kabla ya bendi kujulikana, na kila hatua ya ukuaji ilipunguza idadi ya watu waliokuwa na mamlaka ya kuuangalia.

Mwishoni mwa 1999 Brian Houston aliletewa habari kwamba baba yake, Frank, alimnajisi mtoto wa kiume wa familia moja ya Sydney, kuanzia mwaka 1970 mtoto huyo akiwa na miaka saba. Brian alimkabili baba yake, na mzee akakiri. Jiulize basi, kwa utaratibu wa Assemblies of God, nani alitakiwa kushughulikia kesi ya mchungaji aliyekiri jambo kama hilo? Viongozi wa kitaifa wa dhehebu. Na rais wa dhehebu zima la Assemblies of God nchini Australia, tangu 1997, alikuwa nani? Brian Houston. Yeye ndiye mwana wa mtuhumiwa, ndiye mrithi wa kanisa la mtuhumiwa, na ndiye mkubwa wa wale waliotakiwa kumhukumu mtuhumiwa.

Frank aliondolewa kwenye utumishi. Polisi hawakuambiwa. Mwathirika, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, baadaye alieleza mbele ya Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza unyanyasaji wa watoto katika taasisi jinsi alivyoitwa kukutana na mzee Frank kwenye mgahawa wa McDonald's huko Thornleigh, pembezoni mwa Sydney. Frank alifuatana na mzee mmoja wa kanisa. Mzee Frank alimwambia anataka msamaha, hataki kufa na kwenda kusimama mbele za Mungu na jambo lile kichwani. Akawekewa mezani karatasi ya kupangusia mikono, ile ya mgahawani, aisaini, kisha angelipwa dola 10,000 za Australia. Fedha ilichelewa, kwa maelezo yake, ilikuja baada ya yeye kumpigia simu Brian kuuliza. Frank alifariki mwaka 2004 bila kufikishwa mahakamani.

Nakaa hapa kwa sababu ukielewa kikao kile cha mgahawani utaelewa mengine yote. Hakikuwa kikao cha kanisa wala cha ukoo wala cha wanasheria, kilikuwa mchanganyiko wa vyote vitatu, na mwathirika hakuwa na mtu upande wake. Tume ilisikiliza ushahidi Oktoba 2014 na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Ilisema waziwazi kwamba Brian Houston alikuwa na mgongano wa maslahi, na kwamba viongozi wenzake hawakulitambua hilo wala kulifanyia kazi. Ilisema pia kwamba dhehebu halikufuata utaratibu wake lenyewe wa kushughulikia malalamiko. Hakuna hata aliyemhoji mlalamikaji.

Lakini kijana wenu asiishie hapo, kwa sababu haki ni kwa wote. Mwaka 2021 Brian alishtakiwa kwa kosa la kuficha uhalifu mkubwa. Agosti 2023 hakimu mjini Sydney alimwachia huru. Sababu kubwa ni kwamba mwathirika mwenyewe, wakati ule, hakutaka jambo lifike polisi, na hakimu aliona Brian alikuwa na udhuru wa msingi kwa kutoripoti. Hakimu alisema pia kwamba Brian alikuwa amezungumzia makosa ya baba yake hadharani mara nyingi, jambo ambalo mtu anayeficha hafanyi. Kwa hiyo anayesema "mahakama ilithibitisha alificha" anasema uongo. Mahakama ilijibu swali la jinai. Tume ilijibu swali jingine, kama mwana alistahili kusimamia kesi ya baba, na jibu lake bado limesimama.

Dhehebu lilibadilisha jina kuwa Australian Christian Churches, Brian akaachia urais 2009, na 2018 Hillsong ikajitoa kabisa. Walisema wamekuwa kanisa la kimataifa, watu wao wengi wako nje ya Australia, inafaa wawe dhehebu linalojitegemea na kuwapa wachungaji wao vyeti wenyewe. Sababu hizo zina mantiki. Matokeo yake ni kwamba hapakubaki mtu yeyote nje ya nyumba mwenye haki ya kuuliza kitu. Mshirika aliyekaa kwenye kiti hakuwa na kura ya kumweka wala kumwondoa mchungaji kiongozi. Bodi ilikuwa ya watu waliokwenda naye safari ndefu. Naye hakuwa mwajiriwa wa kawaida: jina lake, familia yake na muziki ndivyo vilivyoleta watu mlangoni, hivyo kumgusa yeye kulimaanisha kugusa kila kitu.

Baada ya hapo mambo yalianguka kwa mfululizo, na sitakaa sana maana umeyaona mitandaoni. Novemba 2020 Carl Lentz alifukuzwa, naye akakiri kutokuwa mwaminifu katika ndoa. Machi 2022 bodi ikatangaza kwamba katika miaka kumi kulikuwa na malalamiko mawili dhidi ya Brian mwenyewe: ujumbe wa simu usiofaa kwa mfanyakazi wa kike mwaka 2013, na mwaka 2019, wakati wa mkutano wao mkubwa, kuingia chumba cha hoteli cha mwanamke ambaye si mkewe na kukaa humo kama dakika 40, akiwa amekunywa pombe juu ya dawa. Kanisa lilisema hakuna aliyedai kulitokea tendo la ndoa, na Brian baadaye alipinga namna habari ilivyoelezwa. Alijiuzulu siku chache baada ya tangazo. Lile la 2013 lilikuwa limemalizwa kimyakimya: mfanyakazi akaondoka kazini na mshahara wa miezi kadhaa, mchungaji akabaki. Ndani ya wiki chache makanisa tisa kati ya kumi na sita yaliyokuwa Marekani yalijitenga.

Machi 2023 mbunge wa kujitegemea, Andrew Wilkie, alisimama bungeni Canberra na furushi la nyaraka alizopewa na mtu wa ndani. Alidai sadaka zilitumika kwa ndege za kukodi, mapumziko ya familia huko Cancun, Mexico, yaliyogharimu dola 150,000 kwa siku tatu, saa ya Cartier, masanduku ya Louis Vuitton. Kanisa lilijibu kwamba mengi yametolewa nje ya muktadha, yanatokana na madai ya mfanyakazi ambayo hayajathibitishwa mahakamani, na kwamba kwa mwaka mzima lilikuwa linarekebisha uongozi wake kwa msaada wa wataalamu wa nje. Mbunge akiwa bungeni ana kinga, kwa hiyo ichukue kama tuhuma. Ila fahamu jambo moja la sheria za kule: taasisi ya dini haitozwi kodi ya mapato, na mchungaji anaweza kupewa sehemu kubwa ya malipo yake kama marupurupu yasiyokatwa kodi. Hiyo ni halali. Ndiyo maana swali la saa na masanduku huwa gumu kulimaliza: mara nyingi hakuna sheria iliyovunjwa, kuna washirika waliotoa zaka wakidhani inakwenda kwingine.

Aliyekabidhiwa uongozi ni Phil Dooley, ambaye kabla ya hapo aliongoza Cape Town tangu 2008. Kanisa lipo, linaimba, limepungua.

Usidhani ni ugonjwa wa Australia. Seattle kulikuwa na Mars Hill, kanisa la watu zaidi ya elfu kumi katika matawi kumi na tano; Mark Driscoll alijiuzulu Oktoba 2014 na miezi michache baadaye kanisa zima likavunjwa. Willow Creek karibu na Chicago, lililofundisha dunia nzima uongozi wa kanisa, lilimpoteza Bill Hybels 2018 kwa tuhuma za wanawake, na wazee wote wakajiuzulu kwa kushindwa kuwasikiliza. Seoul, David Yonggi Cho, mchungaji wa kanisa lililohesabiwa kubwa kuliko yote duniani, alitiwa hatiani 2014 kwa hasara aliyoitia kanisa katika biashara ya hisa za mwanawe. Theolojia zao hazifanani. Driscoll alikuwa Mkalvini, Cho Mpentekoste, Hybels hata mahubiri yake yalikuwa ya upole. Kinachojirudia ni mwanzilishi ambaye hakuna mtu anayeweza kumwambia "keti chini, tuangalie vitabu."

Kwa hiyo, dada yangu, mwambie mchungaji wenu kwamba kutamani kukua si kosa, na albamu si kosa. Kabla ya tawi la kwanza, fungueni ile katiba mliyoipeleka kwa msajili, na msome kifungu kinachosema mchungaji kiongozi anaondolewaje. Makanisa mengi niliyosaidia kupitia katiba zao, kifungu hicho hakipo, au kinasema uamuzi ni wa kamati ambayo mwenyekiti wake ni mchungaji kiongozi mwenyewe. Angalieni nani wanatia saini benki, na kama mmoja wao ni mama mchungaji, kaeni mlizungumze. Tafuteni mkaguzi wa hesabu asiye mshirika wenu. Na malalamiko dhidi ya mtumishi, hasa yanayomhusu mtoto, yawe na mahali pa kwenda nje ya kanisa: ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia la polisi. Atakayewanukuulia Zaburi ya 105, "msiwaguse masihi wangu," mwonyesheni mstari uliotangulia, aone maneno yale yalielekezwa kwa nani: kwa wafalme waliotaka kuwaonea wageni wasio na ulinzi. Halikuwa neno la kumkinga mwenye nguvu dhidi ya swali la mtoto.

Na kuimba? Mimi naimba, na nitakueleza kwa nini bila kukulazimisha. Chukua kitabu cha Tenzi za Rohoni ambacho bibi zetu walikishika mpaka kikachanika. Ule wimbo tunaouimba misibani, Ni Salama Rohoni Mwangu, ulitungwa na Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, baada ya binti zake wanne kuzama baharini mwaka 1873. Kisa hicho tunakisimulia madhabahuni kwa machozi. Tusichosimulia ni kwamba miaka michache baadaye Spafford na mkewe waliongoza kikundi chao hadi Yerusalemu, mwaka 1881, akiacha madeni Chicago, wakaishi kwa mafundisho ambayo wachungaji wengi wa wakati wao waliyaita upotofu. Tungekuwa tunachuja nyimbo kwa maisha ya watunzi, msibani tungekaa kimya.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake, na hapa nadhani kijana wenu yuko sahihi kuliko mimi. Spafford amekufa, hakuna anayenufaika. Kama katika kusanyiko lenu yupo mtu aliyenajisiwa utotoni na mtumishi, na amesikia habari hizi, kwake ule wimbo haujatengana na jina. Huyo ana haki ya kuombwa maoni kabla ya mimi au wewe. Kuhusu fedha: kanisa lisilo na leseni ya CCLI likiimba Jumapili halipeleki hata senti Sydney. Ibada yenu ikirushwa YouTube ni tofauti, maana mfumo wao unatambua wimbo na mapato ya matangazo yanaweza kwenda kwa mwenye haki. Baadhi ya waimbaji waliotunga nyimbo zile walishaondoka kanisani humo, nao pia wanakula kwa jasho la tungo zao. Ningekuwa wewe, ningechuja kwanza maneno. Nyimbo zao za nyuma zimejaa Zaburi. Baadhi za miaka ya karibuni zinarudia sentensi moja dakika saba na haijulikani anaimbiwa Mungu au mchumba. Hizo acheni hata kama mtunzi angekuwa malaika.

Nusu ya ibada kwa nyimbo za kanisa moja la ng'ambo ni nyingi mno hata kama lingekuwa halina doa. Morogoro mna kwaya zinazotunga, mna vijana wanaojua kuweka pambio kwenye mdundo wa kwao. Punguzeni, msifute.

Albamu sasa. Zile tafsiri mlizofanya wenyewe msizirekodi bila ruhusa ya mwenye wimbo. Kutafsiri na kuuza vyote vinahitaji ruhusa, na kampuni hizi hufuatilia. Rekodini nyimbo zenu. Kabla ya kuingia studio, kaeni na kila mtunzi, muandike kwenye karatasi wimbo ni wa nani, wa kwake au wa kanisa, na kikipatikana kipato kinagawanywaje, hata kama mtunzi ni mtoto wa mchungaji, tena hasa kama ni mtoto wa mchungaji. Zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kwa majina hayohayo. Akaunti ya kupokea fedha za mtandaoni iwe ya kanisa, yenye watia saini watatu, isiwe namba ya simu ya mtu. Nimeona kwaya mbili zikivunjika kwa sababu ya namba ya simu.